Goti la Mama Lisiachiwe Diklopa

Wadogo zangu, leo tukae tuzungumzie magoti. Kila mnaponiuliza habari za mama zenu, swali huwa ni lile lile: mama goti linamsumbua, akipanda ngazi ya daladala anashikilia mlango kwa mikono miwili, akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi hainuki mpaka ashikwe mkono. Dada, tumpe dawa gani?

Kabla ya dawa, tuujue ugonjwa. Madaktari wanauita osteoathritisi. Ncha za mifupa inayokutana kwenye goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini, chenye kuteleza. Gegedu likianza kulika, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu na kuota vinundu pembeni, kiungo kinatutumka, na misuli ya paja inalegea kwa sababu mwenyewe anaogopa kuutumia mguu. Mtaani tunaambiana kuwa maji ya goti yamekauka. Si hivyo, goti hilo hilo mara nyingi hujaa maji. Wala mama hakurogwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu, asilimia 60 wanawake, na goti ndilo linaloshambuliwa zaidi. Umri unachangia, lakini upo pia uzito, jeraha la zamani, kurithi, na miaka mingi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito.

Maumivu yake huja kiungo kikitumika na hupoa ukipumzika. Asubuhi goti hukakamaa, lakini nusu saa haipiti linaachia. Ukiona vidole vya mikono yote miwili vimevimba na ugumu unachukua saa nzima au zaidi, huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake, na kuchelewa huharibu viungo. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa ikapanda, hospitali siku hiyo hiyo, wala msingoje kukuche.

Sasa hiyo diklopa, dawa ya maumivu yenye diklofenaki ndani yake. Najua ipo kila duka la dawa na inatuliza. Lakini diklofenaki ya kumeza kila siku, miezi na miezi, bila daktari kujua, inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Na mama zetu wengi tayari wana presha au kisukari! Ya kupaka kwenye goti ina hatari ndogo zaidi, na ndiyo inayofaa kuanza nayo, mwulizeni daktari. Kuhusu unga na vidonge vya "dawa ya viungo" vinavyouzwa mikononi, hapo nawaomba sana muwe macho. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu juu ya vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama vya asili kumbe ndani mna diklofenaki na deksamethasoni (dawa ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Dawa ikikuondolea maumivu ya miaka kwa siku mbili, itilie shaka. Na kama mama ameshaizoea, asiiache ghafla, maana deksamethasoni ikikatwa ghafla mwili unaweza kuzidiwa. Aende nayo kwa daktari, na kopo lake.

Tiba yenyewe ya msingi haiuzwi dukani. Ni mazoezi. Weka kiti imara, mgongo wake ukutani. Mama akae, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu mpaka tano, aushushe polepole. Mara kumi, kisha mguu wa pili. Akizoea, asimame na kukaa bila kushika kitu. Wiki za mwanzo goti litauma kidogo, na hapo ndipo wengi wanaacha. Mtieni moyo, kaeni naye mfanye pamoja. Paja likipata nguvu, linalipunguzia goti kazi. Akiwa mnene, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Fimbo aishike mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Wengi wanaishika upande ule ule. Kusali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa asiyeweza kusujudu, asijilazimishe.

Kinachoniuma ni kwamba mgonjwa anaingia, anaandikiwa vidonge, anatoka, na neno mazoezi halijatajwa. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, foleni ndefu, dakika za daktari chache. Mama asiyetembea uzito unaongezeka, sukari na presha zinapanda, na goti moja linageuka kuwa kliniki tatu. Wengine hufika goti limeshapinda na la kubadilishwa. Upasuaji huo upo, hata hapa kwetu Tanzania unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na magoti ya bandia mengi hudumu zaidi ya miaka 20. Ila ni ghali, na si wa kukimbilia kabla ya hayo mengine kujaribiwa vizuri.

Kwa hiyo mama akienda kliniki, nenda naye. Taja dawa zote anazokunywa, za miti shamba pia. Na msitoke kabla hamjauliza: mtaalamu wa mazoezi yuko chumba gani, na tumwone lini?