ALA YA SIMU: JINSI YA KUCHAGUA KIFUKO BORA CHA NGOZI

Katika toleo hili la jarida la Chama chetu cha Kiswahili nimeonelea niandike somo litakalokufaa hata nje ya darasa. Nimechagua jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni jinsi ya kuchagua kifuko cha ngozi cha kuhifadhia simu ya mkono, yaani rununu. Najua fika kwamba kanuni za shule haziruhusu mwanafunzi kuja na simu. Lakini sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni tunarudi nyumbani, na huko simu ipo, na mara nyingi ni sisi tunaotumwa dukani kuinunulia kava.

Huenda ukauliza, "Kava ya simu nayo inahitaji somo?" Naam, inahitaji. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka wa 2007, simu imekuwa pia mfuko wa pesa. Mama yangu huuza mboga sokoni, na wateja wake wengi humlipa kwa simu. Simu yenyewe aliichukua kwa mkopo, anailipia kidogo kidogo kila siku. Ikianguka kioo kikapasuka, biashara itasimama lakini deni halitasimama. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari.

KIFUKO HUFUATA SIMU

Kiswahili kilikuwa na majina ya vifuko zamani sana kabla ya simu kubuniwa. Kisu na upanga huwekwa katika ala. Mishale hutiwa katika podo, au ukipenda, ziaka. Ndugu zetu Wamaasai hutengeneza ala ya simi kwa ngozi, na ala hiyo hukatwa ikafuata umbo la simi yenyewe. Ala ikiwa pana, upanga utachomoka. Ikiwa nyembamba, utakwama. Simu nayo ni vivyo hivyo. Usinunue kifuko kwa kukadiria kwa macho. Nenda na simu yenyewe, itie ndani, kisha ugeuze kifuko juu chini taratibu juu ya meza. Simu ikichomoka kwa uzito wake tu, hicho kifuko si chake.

NGOZI HUTENGENEZWAJE?

Ngozi mbichi ikiachwa huoza, na ikikaushwa tu huwa ngumu kama ubao. Ni lazima itiwe dawa ili isioze na iwe laini. Kazi hiyo huitwa kudabagha. Kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya mimea. Hapa Kenya mti unaojulikana sana kwa kazi hii ni muwati, ambao asili yake ni Australia na ambao ulipandwa kwa wingi huko Kati na Uasin Gishu. Magome yake yana dawa inayoshika ngozi. Njia hii ni ya polepole, yaweza kuchukua majuma mengi. Ngozi yake hutoka ikiwa ya rangi ya hudhurungi, imara, na hushika umbo. Fundi huilowesha maji, akaivuta juu ya kibao chenye umbo la simu, akaiacha ikauke hivyo hivyo. Kumbe ile methali yetu ya "Ngozi ivute ili maji" ni maagizo ya fundi hasa! Ikishakauka, haivutiki tena.

Njia ya pili ni ya chumvi za kromu. Hii ni ya haraka, humalizika kwa siku chache tu, na ngozi hutoka na rangi ya samawati kabla ya kupakwa rangi nyingine. Huwa laini zaidi na hustahimili maji vizuri, lakini haishiki umbo kama ile ya muwati. Zote mbili ni ngozi halali. Ukitaka kifuko kigumu cha mshipini, tafuta ya muwati. Ukitaka cha kukunjuka kama kitabu, ya kromu itakufaa.

NGAZI NNE ZA "NGOZI"

Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hivyo kiwandani hupasuliwa matabaka. Hapo ndipo ujanja wa biashara huanzia. Zikumbuke ngazi hizi nne:

1. Tabaka la juu, pale manyoya yalipoota. Nyuzi zake zimesongamana sana. Hii ndiyo ngozi bora, na kadiri inavyotumika ndivyo inavyopendeza.

2. Tabaka la chini, lililopasuliwa. Ni ngozi kweli, lakini nyuzi zake ni legelege. Mara nyingi hupakwa plastiki juu na kupigwa chapa ya vinyweleo ili ifanane na ya kwanza.

3. Mabaki yaliyosagwa yakachanganywa na gundi, kisha yakatandazwa kama chapati. Muuzaji akisema ina ngozi ndani, hasemi uwongo, lakini nguvu ya ngozi haimo.

4. Ngozi bandia, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Hii haina ngozi hata chembe. Joto na unyevu huiharibu, ikaanza kubanduka magamba kama samaki.

Mama aliwahi kuuziwa kava ya ngazi ya nne na mchuuzi mmoja kituoni. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza ya rangi ya dhahabu yanayosema kwamba hiyo ni ngozi halisi. Haikumaliza msimu mmoja wa mvua. Magamba meusi yakawa yanadondoka kwenye sukumawiki, wateja wanauliza, "Mama, hii ni nini?" Maandishi yenyewe hayakubanduka, yalibaki yaking'aa! Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

JINSI YA KUIPIMA DUKANI

Likizoni nilipita soko la Kariokor, Nairobi, ambako mafundi wengi hushona viatu, mishipi na mikoba ya ngozi. (Jina hilo, kama lile la Kariakoo kule Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918.) Nilimkuta fundi mmoja mzee akitoboa ngozi kwa msharasi, nikamwamkia na kumuuliza:

"Mzee, nitajuaje kuwa hii ni ngozi kweli?"

"Kijana wangu, wewe unaangalia uso," akanijibu. "Geuza uone mgongo. Uso unapakwa rangi, mgongo haudanganyi."

Basi akanionyesha, nami nakupa kama nilivyopewa.

Kwanza, tazama upande wa ndani. Ngozi ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi. Ngozi bandia ina kitambaa kilichofumwa.

Pili, ikiwa ndani kumefunikwa kwa bitana, tazama kingo, hasa kwenye tundu la kamera. Ngozi halisi ni kitu kimoja kutoka juu hadi chini. Ngozi bandia huonyesha tabaka jembamba la plastiki lililolazwa juu ya kitambaa.

Tatu, bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi hujikunja mikunjo midogo isiyo na mpango, kisha hurudi. Ukiona vinyweleo vyote vinafanana kama herufi za chapa, shuku. Ngozi ya mnyama ina kovu hapa, alama ya kupe pale.

Nne, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka, itatoka pia kwenye shati lako.

Harufu isikutie mtegoni, kwa maana hata harufu hutiwa. Tone la maji nalo si shahidi wa kutosha, kwani ngozi nzuri iliyopakwa nta hailinyonyi. Na jamani, usiwashe kiberiti dukani mwa watu!

Mzee aliniambia pia kuwa ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini ina nguvu, inafaa vifuko vidogo. Ya kondoo ni laini mkononi lakini huchanika upesi.

USHONAJI NA UMBO

Ngozi nzuri iliyoshonwa vibaya ni hasara. Tazama mishono: iwe sawasawa, isiwe karibu mno na ukingo, na miisho yake iwe imefungwa. Fundi wa mkono hutumia sindano mbili kwa uzi mmoja, zikipishana katika kila tundu. Mshono mmoja ukikatika, mingine hushikilia. Vifuko vilivyogandishwa kwa gundi pekee viogope, maana jua la saa saba likivipata, vinaachana.

Sasa nitasema jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Ngozi peke yake hulinda simu dhidi ya mikwaruzo kuliko inavyoilinda dhidi ya kishindo. Mpira hupokea pigo vizuri zaidi. Kwa hiyo hakikisha pembe zote nne zimefunikwa, na ukingo wa kifuko umeinuka kupita kioo, ili simu ikianguka kifudifudi kioo kisiguse sakafu. Kama ni kile cha kukunjuka kama kitabu, kagua fremu inayoshika simu. Iwe ya mpira laini, wala isiwe plastiki kavu ya kukatika.

Ikiwa kinajifunga kwa sumaku, usiweke humo kadi za zamani zenye utepe mweusi nyuma, kwani sumaku yaweza kufuta utepe huo. Hata dira ya simu yaweza kupotoka.

HESABU YA BEI

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kava ya ngozi bandia ni shilingi 300, nayo hudumu miezi sita. Kwa miaka mitatu utanunua sita, jumla shilingi 1,800. Tuseme kifuko cha ngozi halisi ni shilingi 1,200 na kinadumu miaka hiyo mitatu. Umeokoa shilingi 600. Rahisi ni ghali.

Hata hivyo, hesabu hii ina sharti moja: simu iwe ni ile ile. Ukibadilisha simu, tundu la kamera halitakuwa mahali pake. Kwa hiyo, kama nyumbani simu hubadilishwa mara kwa mara, ni afadhali kile kifuko cha kutumbukiza, kisicho na matundu, ambacho kitaipokea simu nyingine ya ukubwa huo. Na kama pesa za ngozi halisi hazipo, usidanganyike na ngazi ya tatu na ya nne. Chukua kava ya mpira mnene. Ni ya bei nafuu, na haijifanyi kuwa kitu kingine.

UTUNZAJI

Kifuko kikilowa, kipanguse na ukianike kivulini. Jua na jiko hukausha ngozi ikapasuka. Mara moja moja kipake mafuta ya ngozi yasiyo na rangi, kiasi kidogo tu. Na simu ikipata joto wakati wa kuchajiwa, itoe kifukoni, kwani ngozi huzuia joto kutoka na joto ni adui wa betri.

MSAMIATI

Ala: kifuko cha kisu au upanga.
Podo, ziaka: kifuko cha mishale.
Kudabagha: kuitia ngozi dawa ili isioze na iwe laini.
Msharasi: chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi.
Bitana: kitambaa cha kufunika upande wa ndani.

ZOEZI

1. Eleza tofauti mbili kati ya ngozi ya muwati na ngozi ya kromu.
2. Kifuko kina bitana ndani. Utatambuaje kama ni cha ngozi?
3. "Ngozi ivute ili maji." Eleza maana ya nje na maana ya ndani ya methali hii.
4. Chukua kifuko, mkoba au mshipi wowote ulio nyumbani, ukague, kisha useme uko ngazi ya ngapi. Sema ukweli, hata kama ni wa baba!

Msomaji wangu, ukiyashika haya machache, shilingi ya mzazi haitapotea bure, na fundi anayeshona kazi safi atapata haki yake, kwa kuwa mnunuzi mjuzi humtafuta fundi mwema. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo nimekuambia: tazama mgongo. Kwaheri ya kuonana katika toleo lijalo, Mungu akipenda.