Somo la Kikundi: Baada ya Matanga, Mjane Adai Nini?



Mama mmoja alikuja kwangu na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Mumewe aliangukiwa na mawe katika machimbo alikokuwa ameandikwa kazi. Mwajiri alileta jeneza, gari na magunia mawili ya mchele, na watu wakamsifu. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Nilipomwuliza kama alidai fidia, alishangaa: "Si walishatuzikia?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Mazishi ni jambo moja, fidia ni lingine. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, mwajiri agharamie mazishi kwa kiasi kinachofaa, na tena wategemezi walipwe fidia. Mchele si fidia, jamani. Lakini dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Mwaka ukipita laweza kukataliwa, na mama yetu alikuwa amechelewa sana.

Dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilikubali utaratibu huo mwaka 2019. Kwa hiyo akija mtu wa kuwakimbiza kortini ili apate asilimia yake, mwulizeni kwanza kama amepita kwa Mkurugenzi.

Na kama marehemu alikufa kwa ugonjwa usiotokana na kazi, nyumbani kwake? Fidia ya ajali hakuna, lakini akiba yake ya NSSF ipo, nayo ni ya wategemezi wake.

Kazi kubwa ni karatasi. Kibali cha mazishi kisipotee, maana ndicho kinachotoa cheti cha kifo. Kitambulisho cha marehemu kitolewe kopi kabla hakijarudishwa serikalini. Tafuteni kadi ya NSSF, karatasi za mshahara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu. Majina nayo yatazameni vizuri: kazini aliitwa Yosefu, kwenye kitambulisho ni Mutua peke yake. Hapo mtatakiwa kula kiapo kwa wakili, na siku zinakwenda.

Mjadiliane: Katika kikundi chenu, nani atakaa na mjane wiki ya kwanza kukusanya karatasi hizi? Na wanaume mlioandikwa kazi, je, wake zenu wanajua kadi ya NSSF iko wapi?