Ni kweli, lakini nani alipaswa kujua? Amri ya nane katika makundi ya WhatsApp



Tunapozungumza juu ya wema katika mitandao ya kijamii, wengi wetu hufikiria kwanza matusi na uongo. Mkristo asitukane, asizushe, basi. Katika makala hii tungependa kutazama kosa jingine, ambalo hutendwa na watu wa sala, kwa lugha ya upole, na mara nyingi juu ya jambo ambalo ni la kweli kabisa.

Tuchukue mfano. Katika kundi la WhatsApp la jumuiya, lenye watu 80, unaingia ujumbe saa tatu usiku: "Wapendwa, tumwombee dada yetu fulani wa kwaya, amepata ujauzito na yule kijana amemkimbia." Chini yake zinafuata emoji za mikono ya sala, "Mungu amsaidie", "Jamani, si ndiye yule aliyeimba Pasaka?", na ujumbe mmoja wa sauti wa dakika mbili. Kufikia asubuhi habari imefika kwenye kundi la kwaya, la WAWATA na la vijana. Hakuna aliyesema uongo wala kutukana. Ila binti mwenyewe hakuulizwa kama anataka kuombewa na watu 80, na Jumapili hiyo haonekani kanisani.

Kanisa lina jina la tendo hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu. Kuna hukumu ya haraka, yaani kuamini moyoni kwamba jirani ametenda kosa bila kuwa na msingi wa kutosha. Kuna usingiziaji, ambao ni kumharibia mtu jina kwa uongo. Katikati yapo masengenyo: kufichua udhaifu na makosa ya mtu kwa watu wasioyafahamu, bila sababu halali. Tuangalie vizuri hapo. Anayesengenya anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akatenda dhambi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania inamwadhibu anayesambaza taarifa za uongo. Amri ya nane inatudai zaidi ya hapo, na yule anayejitetea kwa kusema "lakini si ni kweli?" bado hajajitetea.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analichambua jambo hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 73. Anapima uzito wa masengenyo akilinganisha na dhambi nyingine dhidi ya jirani, na jibu lake linashtua: ni mepesi kuliko uuaji na uzinzi, lakini ni mazito kuliko wizi, kwa kuwa jina jema linazidi thamani ya mali. Katika parokia zetu mtu akichukua fedha za sadaka tunaitisha kikao. Akichukua jina la mtu tunamwekea alama ya dole gumba.

Maneno "bila sababu halali" yasitupite. Wapo wanaolitumia fundisho hili kuwanyamazisha watu, hasa mtuhumiwa akiwa padre au kiongozi: "Msiseme, mtakuwa mnasengenya." Hayo ni matumizi mabaya ya fundisho, na tunalisema wazi sisi ambao tunajiandaa kwa upadre. Mtoto akidhulumiwa, kunyamaza ni kumwacha peke yake na anayemdhulumu. Kwa barua ya Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, Papa Fransisko aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa kijinsia kwa mamlaka ya Kanisa. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Fedha za kwaya zikipotea, ipo kamati ya fedha na yupo paroko. Kigezo tunachokiona hapa ni hiki: je, anayeambiwa ana uwezo au wajibu wa kulinda na kurekebisha? Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Yesu anaweka ngazi: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, na mwisho kanisa. Kundi la WhatsApp huanzia juu, na mara nyingi halishuki kabisa kwenda kwa mhusika.

Sasa tuje kwa wale 79 waliosoma tu. Katika kipengele cha nne cha swali hilohilo, Thomas anafundisha kwamba anayesikiliza masengenyo kwa kuyafurahia anashiriki dhambi ya msengenyaji. Anayenyamaza kwa woga, uzembe au aibu naye anakosa, ingawa kwa kawaida si kwa kiasi hicho. Je, afanye nini? Si lazima abishe, maana huenda jambo ni kweli. Amkanye ndugu yake, au angalau aonyeshe kwa uso wa huzuni kwamba hakupendezwa, kama kinavyodokeza Kitabu cha Mithali, sura ya 25.

Uso wa huzuni! Thomas aliandika katika karne ya 13, watu wakisengenyana ana kwa ana. Katika kundi hakuna uso. Kuna vitiki viwili vya bluu, na mwandishi hawezi kumtofautisha aliyesoma akasikitika na aliyesoma akacheka. Kwa hiyo tunadhani kwamba katika mtandao ukimya peke yake hautoshi. Inabidi kuandika kitu, tena kifupi, kwa sababu mahubiri marefu huamsha ugomvi na kulirefusha lilelile tunalotaka liishe. Kwa mfano: "Wapendwa, jambo hili tumwachie mwenyewe. Namwomba admini aufute ujumbe huu."

Lakini mila zetu haziruhusu kijana amsahihishe mama mtu mzima mbele ya watu 80, na tunaona mila hizo zina hekima. Basi apige simu. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, ni kuhusu ule ujumbe wa yule dada. Naona kama utamuumiza, naomba tuutoe." WhatsApp humpa aliyetuma muda wa siku mbili hivi kuufuta kwa wote, kwa hiyo simu ipigwe usiku uleule. Hii nayo ni ile ngazi ya kwanza ya Mathayo.

Linabaki swali la malipo, ambalo tunalisahau hata kwenye kitubio. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba aliyekosea dhidi ya haki na ukweli ana wajibu wa kufidia hata baada ya kusamehewa. Kwa msingiziaji njia ni wazi: aseme kwamba alidanganya. Msengenyaji hawezi kusema hivyo, kwa kuwa angekuwa anaongeza uongo juu ya masengenyo. Thomas alikwisha kuliona tatizo hilo katika swali la 62: mtu huyo arudishe jina la mwenzake kadiri awezavyo bila kudanganya, akikiri kwamba alisema vibaya au alimharibia mwenzake jina isivyo haki, na lisiporudi, afidie kwa njia nyingine.

Na mara nyingi haliwezi kurudi lote, maana nani atafuata nakala zilizokwenda makundi matatu? Lakini mama aliyeandika ujumbe ule anaweza kuandika palepale, bila kulitaja tena jambo lenyewe, kwamba hakuwa na haki ya kuitoa siri ya mwenzake. Kisha amtafute binti amwombe radhi, na Jumapili ampitie nyumbani, waende misa pamoja na kukaa benchi moja.