KABABU: LISHE YAKE KWA WAKUBWA NA WADOGO

Katika toleo hili nimeonelea tuache kidogo ngeli na vitendawili, tuingie jikoni. Wengi wetu tukisikia harufu ya kababu mate hututoka. Lakini ukimwuliza mtu kababu ina faida gani mwilini atakujibu tu, "Si ni tamu!" Utamu ni kweli. Hata hivyo kuna mengi zaidi ya utamu, na baadhi yake yanahusu hata jinsi mtoto anavyofikiri darasani. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

1. Kababu ni nini?

Kababu ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na vitunguu, viungo, yai na mkate uliolowekwa, kisha ikafinyangwa madonge na kukaangwa au kupikwa ndani ya mchuzi. Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu na Waajemi. Pwani kababu nyingi ni za mviringo, ilhali katika hoteli za bara hufanywa ndefu na kuvikwa yai. Wahindi wana kofta, Waturuki wana köfte, Waitalia polpette nao Waswidi köttbullar. Majina ni mengi, donge ni lile lile.

2. Ndani ya donge mna nini?

(a) Protini. Hii ndiyo hujenga misuli na kukarabati mwili. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi huwa na takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100. Mtoto anayekosa chakula cha kutosha chenye protini yumo hatarini kupata kwashakoo, ule ugonjwa wa kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyelitangaza kwa waganga wa ulimwengu mwaka 1935.

(b) Madini ya chuma. Bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Mtu huchoka upesi, huhisi kizunguzungu na akili haitulii kitabuni. Sukumawiki na maharagwe yana chuma pia, lakini chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Zaidi ya hayo, nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kukifyonza hata kile chuma cha mboga.

(c) Zinki. Madini haya husaidia watoto kukua, vidonda kupona na mwili kupigana na magonjwa.

(d) Vitamini B12. Hii hulinda neva na kusaidia kutengeneza damu. Haipatikani kiasili katika mahindi, maharagwe wala mboga. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa.

3. Somo kutoka Embu

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maneno ya vitabuni tu." La hasha! Jambo hili lilichunguzwa papa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, watafiti walifuata watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu. Kundi moja lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia, na la nne halikupewa chakula shuleni.

Matokeo yalikuwaje? Wale wa nyama ndio waliowashinda wenzao wote katika mtihani wa kutatua mafumbo ya picha. Misuli yao iliongezeka zaidi, na uwanjani walichangamka na kuwaongoza wenzao katika michezo. Maziwa nayo yalisaidia watoto wadogo waliodumaa kuongeza kimo. Tafadhali kumbuka kwamba hawakupewa mlima wa nyama. Mwanzoni ilikuwa gramu 60 hivi, uzito wa madonge mawili tu ya kababu. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Kababu kwa wadogo

Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi kukinunuliwa nusu kilo ya nyama, minofu humwendea baba, mgeni naye hupewa kipande chake, na mtoto huambulia mchuzi. Watu hudhani "nguvu" yote imo katika supu. Sivyo. Protini nyingi na chuma kingi hubaki katika nyama yenyewe. Basi anayehitaji kukua ndiye anayekosa.

Hapo ndipo kababu inapokuwa na maana. Ukisaga nusu kilo hiyo na kuichanganya na vipande viwili vya mkate, yai na kitunguu, utapata madonge 20 madogo. Kila donge litakuwa na gramu 25 za nyama, yaani karibu gramu 5 za protini. Mtoto wa miaka mitatu huhitaji gramu 13 hivi za protini kwa siku. Madonge mawili tayari yamempa zaidi ya nusu! Tena donge huhesabika: kila mtu kwenye meza anaona nani amepewa nini. Haliwezi kujificha kama mnofu chini ya ugali.

Mtoto aliyetimiza miezi sita huanza kula vyakula vingine pamoja na maziwa ya mama, na nyama ni mojawapo. Ila yake ipikwe bila chumvi wala pilipili, ipondwe hadi ilainike. Usimpe mtoto wa chini ya miaka minne donge zima, maana linaweza kumkwama kooni akakosa pumzi. Likatekate vipande vidogo, naye ale akiwa ameketi.

5. Kababu kwa vijana na wakubwa

Wasichana, hili lenu. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji miligramu 15 za chuma kila siku, na mvulana wa rika lake miligramu 11. Sababu ni kwamba msichana hupoteza damu kila mwezi. Mama mjamzito huhitaji miligramu 27. Madonge matatu ya kababu hutoa kama miligramu moja unusu tu. Kwa hivyo usitegemee kababu peke yake. Ile na sukumawiki, mchicha au maharagwe, kisha ongeza chungwa, ndimu au nyanya, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na chai je? Chai hukizuia chuma. Najua Mkenya na chai yake hawatengani, lakini subiri japo saa moja baada ya chakula.

Wazee nao wasisahauliwe. Meno yakishang'oka nyama ya mifupa huwa adhabu, na wengi huiacha kabisa misuli ikazidi kunyauka. Kababu laini ndani ya mchuzi humfaa babu na nyanya.

Hata hivyo, kila kitu kwa kiasi. Wataalamu wa kinga ya saratani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Mwenye ugonjwa wa jongo apunguze nyama. Na ile kababu inayoelea katika mafuta yaliyotumiwa tangu juzi, jamani, iache!

6. Hatari iliyojificha

Vijidudu hukaa juu ya nyama. Ukichoma kipande kizima, moto huviua huko juu. Lakini nyama ikisagwa, vya juu huingia ndani kabisa. Mwaka 1993, huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafa baada ya watu kula nyama ya kusaga ambayo haikuiva vizuri. Tena nyama mbichi inaweza kumpa mtu tegu. Basi shika haya:

- Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, na uisagishe siku utakayoipika.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kufinyanga.
- Pasua donge moja. Kukiwa na wekundu katikati, rudisha motoni. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 71 za selsiasi.
- Usiache kababu nje zaidi ya saa mbili. Kesho yake zipashe moto hadi zitoe mvuke.

7. Namna ya kupika

Changanya nusu kilo ya nyama ya kusaga, vipande viwili vya mkate uliolowekwa na kukamuliwa, yai moja, kitunguu kilichokatwakatwa, kitunguu saumu, tangawizi, dania na chumvi kidogo. Finyanga madonge 20. Badala ya kukaanga, yatie katika mchuzi wa nyanya unaochemka, ufunike kwa dakika 20. Kama mfuko ni mwepesi, tumia robo kilo ya nyama na uongeze ndengu zilizochemshwa na kupondwa. Nyama itapungua, lakini bado kila mtu atapata.

8. Tamati

Ndugu zangu, kababu si chakula cha Idi na harusi peke yake, wala si dawa ya kila ugonjwa. Ni njia moja ya kuifanya nyama kidogo ifike kwa kila mlaji. Utakaporudi nyumbani likizo, ingia jikoni umsaidie mama kufinyanga. Donge la kwanza likiiva, mpe aliye mdogo kuliko wote.

ZOEZI

1. Kwa nini nyama ya kusaga ni hatari zaidi ya kipande kizima isipoiva?
2. Taja virutubishi vinne vilivyomo katika kababu na kazi ya kila kimoja.
3. Watoto wa Embu waliopewa nyama waliwashinda wenzao katika mambo gani?
4. Jadilini katika vikundi: nyama inapogawanywa nyumbani, nani apewe kwanza, na kwa nini?