Mchezo Usioacha Kielelezo

Ukienda TP kuna swali moja hulikwepi: kielelezo cha somo kiko wapi? Mimi niliulizwa Lumemo, Ifakara, baada ya kipindi cha fasihi simulizi ambacho hakikuacha hata karatasi moja.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianza kazi kijijini Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthilia mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, likatoka suala la vijana, hasa wasichana kupata mimba. Wanakijiji wakalitengenezea ngoma na maigizo wenyewe, wakacheza, kisha wakajadili. Mjadala ndio wenyewe hasa, mchezo ni mlango tu. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha TUSEME kwa wasichana wa sekondari.

Ulaya wana Tino Sehgal. Mwaka 2012, Tate Modern, London, watu wake walimsogelea mgeni na kumsimulia mambo ya maisha yao. Hataki kazi zake zipigwe picha. Nilipomsoma nilicheka, maana hata bibi zetu wa hadithi hakuna aliyewapiga picha. Ila kule mgeni anaweza kusikiliza akaenda zake. Malya alitakiwa aseme.

Sasa Lumemo. Msimu wa mpunga viti vinabaki wazi: familia inahamia shamba, mtoto yuko juu ya dungu anaamia ndege. Kidato cha pili wakaigiza hilohilo, chini ya mwembe, mbele ya wazazi wachache tuliowaalika. Baba wa mchezo alipomwambia kijana aweke daftari akafunge mizigo, nikasimamisha. Nikauliza nani aingie nafasi ya baba. Mbinu hii ni ya Augusto Boal wa Brazili, na ubaya wake ni kwamba kuna kimya kirefu kabla mtu hajainuka.

Akainuka mama mmoja. Akafunga khanga vizuri, akamtazama kijana. "Nenda shule, mwanangu. Ila niambie, ndege wakimaliza mpunga, tutakula nini mwaka mzima?"

Kijana akakwama. Na mimi nikakwama, wakati jibu nilikuwa nimeshaliandika kwenye andalio la somo: elimu ni haki ya mtoto. Kweli, lakini ndege hawaisikii. Binti mmoja wa nyuma ndiye aliyesema mashamba yanapakana, kwa nini watoto wasipokezane siku? Wazazi wakaanza kubishana wao kwa wao, majina ya mashamba yakatajwa, mchezo ukasahaulika kabisa. Kengele ikalia, watu wakatawanyika.

Msimamizi wangu alikuwa amekaa pale muda wote. Akaniuliza kielelezo. Nikamwonesha mwembe, hakucheka.

Wiki iliyofuata kijana mmoja aliyekuwa ameshahamia shamba alikuja darasani siku tatu kati ya tano. Siku mbili nyingine zilikuwa zamu yake. Kwenye fomu, sehemu ya vielelezo, bado imeandikwa: hakuna.