Buguruni hadi Posta: vidokezo vya kutembelea makanisa ya kale ya jijini Dar es Salaam

Panda gari Buguruni Sheli, shukia Posta ya Zamani, na umefika jirani na makanisa mawili yaliyojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 120 iliyopita. Wengi wetu tumeyapita mara nyingi tukiwahi boti ya Zanzibar, benki au ofisi ya serikali, bahasha mkononi, macho chini. Yanastahili kutengewa siku yao. Huhitaji viza wala tiketi ya ndege. Nauli ya daladala, chupa ya maji na viatu vya kutembelea vinatosha.

1. Nenda siku ya kazi, na utoke mapema

Jumamosi ni siku ya harusi, na Jumapili ni ya ibada. Kati ya Jumanne na Alhamisi ndipo utapata nafasi ya kutazama kwa utulivu. Mwambie konda akushushe Posta ya Zamani. Gari likiishia Posta Mpya, usihangaike: shuka na mtaa wa Azikiwe kuelekea baharini, utalikuta Kanisa la Azania Front mbele yako.

2. Vaa kama unakwenda ukweni

Si lazima uwe Mkristo ili uingie, na nawaambia hivyo hasa majirani zangu Waislamu wa Malapa na Rozana, maana hii ni historia ya mji wetu sote. Ila ni nyumba ya ibada. Dada, kanga au mtandio kwenye mkoba haukosi kazi. Kaka, bukta ibaki nyumbani, na kofia ivuliwe mlangoni. Ukimkuta mlinzi au mzee wa kanisa, anza na salamu: "Shikamoo mzee, naomba kuingia kulitazama kanisa." Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Ukiona kisanduku cha sadaka, tia chochote. Kutunza jengo la umri huo ni gharama kubwa.

3. Anzia Azania Front, ukiwa nje kwanza

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, Johann Jakob Greiner akiwa wa kwanza. Wakati huo mji ulikuwa mdogo; Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ujenzi wa kanisa ulianza 1898.

Usikimbilie mlangoni. Vuka barabara kwa uangalifu, simama upande wa bahari, kisha utazame. Kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, mnara wa kengele wenye kofia ya vigae vilevile. Sasa shusha macho kwenye madirisha. Juu yake yametokezwa vijipaa vidogo vya vigae. Umbo la jengo ni la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, lakini mimi vijipaa vile naviona kuwa ni jibu kwa pwani yetu: vinakinga jua la saa saba, na vinakinga mvua ya masika inayopigwa na upepo wa baharini. Fundi aliyevichora alikuwa amekwisha kuonja hali ya hewa ya hapa.

Picha za zamani za bandari zinaonyesha minara ya makanisa ikichomoza juu ya miti. Leo maghorofa yameizidi urefu mara nyingi, na ndiyo sababu nasisitiza usimame mbali kidogo. Ukiwa chini ya ukuta hulioni jengo zima.

Tangu mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana, hili ni la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na leo ndilo kanisa kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Ukitaka kulisikia na si kuliona tu, rudi Jumapili ukae kwenye benchi la nyuma. Katika kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana zimo tuni zilizotoka Ujerumani karne nyingi zilizopita, na kwaya zetu zimeziimba hadi zimekuwa za kwetu.

4. Msalimie Askari

Panda Azikiwe hadi makutano ya Samora. Sanamu ya shaba ya Askari, bunduki mkononi na singe mbele, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Soma maandishi yaliyo chini yake. Yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mahali hapo pamewahi kuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi katika vita isiyowahusu, kwa hiyo dakika tano za kusimama pale si nyingi.

5. Jua likiwa kali, ingia Makumbusho ya Taifa

Fuata Samora hadi mwisho kuelekea mashariki, utafika kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Franz Stuhlmann mwaka 1893. Pumzika kivulini. Makumbusho yako jirani, mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940, na ndiyo nyumba ya fuvu la Zinjanthropus alilolifukua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na cha wanafunzi huwa chini zaidi. Kama una watoto, wapitishe kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Hawatatoka hapo kirahisi.

6. Kula Feri, lakini simu ibaki mfukoni

Soko la samaki la Feri halina mpinzani kwa mchana. Kuna wakaanga samaki, kuna pweza, kuna mama lishe wenye ugali wa moto. Ila eneo hilo lina Ikulu upande mmoja na kivuko cha Kigamboni upande mwingine, na hapo si pa kupiga picha ovyo. Picha zako zitunzie makanisa.

7. Rudi na Kivukoni, usiliache Boma la Kale

Ukirudi na barabara ya ufukweni na kuipita Posta ya Zamani, utakutana na majengo ambayo ni ya zamani kuliko makanisa yenyewe. Boma la Kale, lenye kuta za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi wa Kizanzibari, lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyetaka kuifanya Dar es Salaam mji wake. Mkabala wake ndiko boti za Zanzibar zinakotia nanga.

Karibu na hapo kuna Nyumba ya Atiman, nayo ya enzi za Majid, ambayo baadaye ilishikwa na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe. Imepewa jina la Adrian Atiman, na mtu huyu asimuliwe kwa watoto wetu. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

8. St. Joseph iwe ya alasiri

Hiki ndicho kidokezo ninachokijali kuliko vyote, na ndiyo sababu ya mpangilio huu mzima. Vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare kuu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hupendeza zaidi jua linapoanza kuteremka. Fika saa kumi, kaa benchi la katikati, subiri. Kisha sogea utazame mchongo ulio juu ya altare, na utafute maandishi ya Kijerumani yaliyosalia humo ndani. Ukiwa na watoto, wape kazi hiyo. Anayeyaona kwanza anunuliwe dafu.

Kanisa lilijengwa kati ya 1897 na 1902 kwa mtindo wa Kigothi, matao yenye ncha na mnara uliochongoka. Wamisionari wake walikuwa Wabenedikti wa St. Ottilien. Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji karibu na Liwale mnamo Agosti 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, na vita iliyofuata iliteketeza vijiji na kuacha njaa iliyoua watu wengi mno. Napenda mtu akae ndani ya uzuri ule akiwa anayajua haya. Kuta zile zilisimama wakati nchi inachemka, na mikono iliyobeba mawe yake ilikuwa ya watu wa hapa.

Misa ya jioni ikianza, kaa kimya nyuma au toka taratibu.

9. Kurudi

Ama ondoka kabla ya saa kumi na moja, ama subiri giza liingie na foleni ya Posta ipungue. Katikati ya hapo utasimama mpaka Buguruni.

10. Ukinogewa, safari inayofuata ni Bagamoyo

Magari yanaondokea stendi ya Makumbusho. Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianza huko mwaka 1868, kabla ya Mjerumani yeyote kutawala. Mnara wa kanisa la zamani bado umesimama. Humo ndimo mwili wa David Livingstone ulimolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara, karibu na Ziwa Bangweulu. Omba uonyeshwe pia makumbusho ya misheni, na utenge siku nzima.