Bakuli na Mizani

Wako wanafunzi wadhanio ya kuwa hesabu ni kazi ya ubao na chaki tu, na kengele ikilia imekwisha. Lakini nendeni Masasi au Newala mwezi wa Oktoba, wakati korosho ziangukapo, mkaone hesabu itembeavyo njiani.

Sheria yataka mkulima apeleke korosho katika ghala la chama cha msingi, zipimwe kwa mizani, naye apewe stakabadhi, kisha angoje mnada. Lakini wako wachuuzi wapitao nyumba kwa nyumba wakipima kwa bakuli. Biashara hiyo huitwa kangomba, nayo imekatazwa. Mbona watu huwauzia? Kwa sababu mchuuzi hutoa fedha papo hapo, na mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja mnada. Tusimcheke.

Tuseme mchuuzi amwambia mama mmoja, "Mama, bakuli hili ni kilo moja, nami nitakupa shilingi 1,500." Mama apima bakuli 20, apokea shilingi 30,000, afurahi. Binti yake, aliye darasa la sita, ajaza bakuli lile lile, kisha azimimina korosho katika mizani ya dukani. Lo! Kilo moja na gramu 250. Basi bakuli 20 ni kilo 25, na kwa bei ile ile thamani yake ni shilingi 37,500. Shilingi 7,500 zimepotea. Yaani kila bakuli nne, mchuuzi amepata kilo moja ya bure, wala hakuiba usiku.

Mizani nayo yaweza kusema uongo. Ijaribuni hivi: pimeni chupa tupu, kisha mtie lita moja kamili ya maji, mpime tena. Uzito ulioongezeka hauna budi kuwa kilo moja. Maji hayo msiyamwage. Wazee wa Newala wajua taabu ya kuyapandisha kutoka mabondeni.

Zoezi. Mkulima alikopa shilingi 60,000 wakati wa masika, akaahidi kulipa gunia moja la korosho, kilo 80. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, gunia lile lilikuwa la shilingi ngapi? Mkopeshaji alipata faida kiasi gani? Mkulima angaliuza kilo ngapi tu ili kulipa shilingi 60,000 zile?